Wiki mbili, daftari jeupe

*Kikundi: Watoto wa Fuoni*

Ami: Assalaam aleikum jamaa. Leo nimepita kwa mama Abuu, nikamwomba kijana daftari lake la Kiingereza nilitazame. Wiki mbili yuko kwenye lile darasa la mjini, siku 3 kila wiki, na ndani mna ukurasa mmoja na nusu. Tarehe hakuna, tiki ya mwalimu hakuna. Ada nalipa, wanafundishwa nini?

Mama Abuu: Waaleikum salaam shemeji. Na mie nimemuuliza, ananambia "tunazungumza tu."

Ami: Kuzungumza tu? Si hata barazani watu wanazungumza, tena bure?

Abuu: Shikamoo Ami. Samahani sana. Mwalimu haandiki mengi. Anatupa mada, anatupanga wawili wawili, yeye anazunguka. Na kusema kweli nilikuwa nataka kukuomba niache. Juzi tuliambiwa tueleze habari za mtu wa nyumbani. Nikaanza za marehemu baba, nikasema "my father, she was a fisherman." Darasa zima likacheka. Tangu hapo nikikaa kwenye kiti kile mdomo haufunguki.

Bibi: (sauti, sekunde 12)

Mama Abuu: Bibi anauliza hao waliocheka wao wanakijua?

Abuu: Hapana Bibi. Na wao wanasema vilevile.

Da Mkubwa: Ami shikamoo. Bibi shikamoo. Ndiyo natoka zamu, nimesoma yote kwenye gari. Naomba niseme, maana darasa la namna hii nimelikaa miezi 4 kabla hawajanichukua mapokezi ya hoteli, na wiki ya pili na mie nililia, nikataka kuacha.

Kwanza hilo daftari. Abuu kamaliza kidato cha nne. Miaka 4 kasoma bailojia na jiografia kwa Kiingereza, mitihani kafanya kwa Kiingereza. Mpe barua, ataisoma. Mpe mgeni amuulize choo kiko wapi, atakwama. Alichokosa hakimo kwenye daftari, kimo mdomoni. Mdomo wake haujazoea, na haujapata kuzoezwa, kwa sababu skuli tulikuwa tunanakili ubaoni na kujibu wote kwa pamoja "yes teacher".

Abuu, darasani mko wangapi?

Abuu: 12.

Da Mkubwa: Haya Ami, tufanye hesabu. Watu 12, saa moja. Mwalimu akisimama mbele akawasemesha mmoja mmoja, na yeye mwenyewe asitie hata neno, kila mtu anapata dakika 5. Kwa siku 3 ni robo saa kwa wiki. Akiwapanga wawili wawili, saa ileile kila mmoja anasema nusu saa. Ndiyo maana unamkuta anazunguka. Mwalimu anayesema peke yake kwenye darasa la mazungumzo anajifundisha mwenyewe.

Ami: Marahaba mwanangu. Hesabu nimeiona. Lakini wote wawili hawajui. Mmoja akikosea nani anamrekebisha? Si watazoea makosa?

Da Mkubwa: Suala zuri Ami, mie nililiuliza hilohilo. Abuu, mwalimu wako akizunguka ana nini mkononi?

Abuu: Kikaratasi na kalamu.

Da Mkubwa: Basi hapo ndipo alipo. Anasikiliza, anaandika makosa kimya kimya. Hakati mtu katikati ya sentensi, maana mtu akikatwa kila neno la tatu anaanza kuogopa, anabaki na "yes" na "no" zake. Mwisho wa kipindi anaandika ubaoni sentensi 5 au 6 bila kusema ni za nani, na nyie mnazitengeneza.

Abuu: Kweli. Jana aliandika "I have nineteen years". Ilikuwa yangu, ila hakusema.

Mama Abuu: Sasa hapo kosa liko wapi? Si una miaka 19?

Da Mkubwa: Mama, sisi miaka tunakuwa nayo. Wao wanakuwa ndiyo hiyo miaka: "I am nineteen." Makosa yetu mengi ni ya namna hiyo, Kiswahili safi kilichovishwa nguo za Kiingereza. Na hilo la "she" ni hivyohivyo. Sisi tukisema "amekuja", awe baba, awe mama, neno ni moja. Lugha yetu haijapata kutuuliza kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinauliza kila sentensi, na lazima ujibu papo hapo. Kwa hiyo Abuu, hukumvunjia heshima baba na wala huna akili nzito. Mie mpaka leo nikichoka, saa za mwisho za zamu, "he" na "she" zinanichanganya.

Abuu: Hata wewe dada?

Da Mkubwa: Hata mie. Na nikwambie lililonipata wiki ya kwanza kazini. Mgeni kafika asubuhi, chumba bado. Akaniuliza, "Isn't the room ready?" Nikamjibu "Yes", kwa maana yetu: ndiyo, bado. Akachukua mkoba wake akapanda ghorofani. Akamkuta mwenzangu yuko juu ya kitanda anavuta shuka. Akashuka amekasirika, anaona nimemdanganya. Sisi tukiulizwa "Hujala?" tunasema "ndiyo, sijala". Wao "yes" yake ni nimekula. Sarufi ya kidato cha nne niliijua yote, hilo sikulijua, kwa sababu halitokei mpaka watu wawili wakae waulizane.

Kaka (Muscat): Shikamooni wote. Da Mkubwa kasema kweli tupu. Huku kazini kwetu yupo Mhindi, Mfilipino, Mmisri na Mbangladeshi, na lugha yetu ya kazi ni Kiingereza. Kila mmoja na lafudhi yake. Anayeheshimiwa ni yule anayeeleweka na anayejua kuomba arudiwe. Nilikuja na maneno mengi kichwani, lakini "Sorry, could you say that again?" nilijifunza huku baada ya kuitikia maagizo nisiyoyaelewa mara tatu. Ya tatu ilikuwa hatari, mashine ilikuwa inawaka.

Da Mkubwa: Hiyo ishike Abuu. Darasani watakupa sentensi kama hizo, usizidharau kwa ufupi wake. "Let me think." "What do you call this?" "Do you mean...?" Ndizo zinazokununulia muda ukikwama.

Tena wewe una bahati nyengine. Ile "th" inayowatatiza wenzetu wengi wa bara, wewe unayo tangu utotoni. "Think" ina ile th ya thumni na thelathini. "This" ina dh ya dhahabu. Usiibadilishe kwa kudhani ya kizungu ni nyengine.

Shida yako itakuwa mahali pa kukazia sauti. Sisi tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Wao kila neno na mahali pake, na silabi nyengine wanazimeza kabisa. "Comfortable" sisi tunaisema silabi zote nne, wao wanasema kama "kamf-ta-bo". "Breakfast" tukiitia vokali mwisho, mgeni anakutazama tu. Na irabu fupi na ndefu. Maneno mawili ya hotelini, la shuka na la ufukwe, ukiyafupisha yanakuwa matusi. Hapa pana wazee, siyaandiki. Muulize mwalimu wako, atakuzoesha.

Ami: Astaghfirullah. Basi azoeshwe mapema.

Da Mkubwa: Atazoeshwa Ami. Hapo kwenye sauti ndipo mwalimu atamkata hapohapo na kumrudisha mara kumi. Kwenye mazungumzo atamwacha. Ni nyakati mbili mbali mbali.

Ami: Na mtihani je? Cheti?

Da Mkubwa: Sikuchukua lile darasa kwa ajili ya cheti, Ami. Pale hotelini hakuna aliyeniomba karatasi. Walinikalisha kwenye kiti wakanisemesha dakika 10. Lakini kama baadaye atataka kusoma nje, mtihani wa Kiingereza wa IELTS una sehemu ya kuzungumza: uso kwa uso na mtahini, dakika 11 mpaka 14. Katikati unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, halafu useme peke yako mpaka dakika 2. Dakika 2 ni ndefu sana ukiwa huna la kusema. Hayo ndiyo wanayoyafanya sasa hivi huko mjini.

Abuu: Kuna siku alitufanyisha hivyo. Nieleze kitu dakika 4 kwa mwenzangu. Halafu nibadilishe mwenzangu, nieleze kilekile dakika 3. Halafu wa tatu, dakika 2. Niliona ananichosha tu.

Da Mkubwa: Mara ya tatu ulisemaje?

Abuu: Nilisema haraka zaidi. Yale maneno niliyokuwa nayatafuta yalikuwa yameshapatikana.

Da Mkubwa: Sasa umejijibu. Lile si zoezi la kuongeza maneno, ni la kuyalainisha yaliyomo. Na vile vipicha viwili vinavyofanana, wewe unacho chako na mwenzako chake, hamruhusiwi kuonyeshana, mtafute tofauti? Msione ni mchezo wa watoto. Pale lazima uulize, kwa sababu usipouliza hujui.

Ila naomba uelewe jambo moja, mdogo wangu. Kuna siku utarudi nyumbani unaona unajua kidogo kuliko ulipoanza. Mie ilinijia mwezi wa pili. Ni kwa sababu umeanza kuyasikia makosa yako. Siku hiyo usiache. Kesho yake nenda, ukae mbele.

Mama Abuu: Mwanangu umenitoa machozi.

Bibi: (sauti, sekunde 9)

Mama Abuu: Bibi anasema Abuu aseme hapa, tumsikie.

Abuu: Hapa? Mbele ya Ami?

Da Mkubwa: Hapa hapa. Ile ile habari ya baba. Sema alivyokuwa akitega dema la kuvulia samaki. Usiandike kwanza, washa sauti useme.

Kaka (Muscat): Sisi hatucheki.

*Saa 3:40 usiku*

Abuu: (sauti, dakika 2 na sekunde 5)

Kaka (Muscat): Mashaallah!

Bibi: (sauti, sekunde 15)

Mama Abuu: Bibi anasema hakuelewa kitu ila kasikia "dema" na "Fuoni", anauliza kizungu hakina neno la dema?

Abuu: Mwambie sikulijua, Mama. Nikasema "a big basket for fish, made of sticks, the fish go in and cannot come out."

Da Mkubwa: Umeona ulichofanya? Neno hukuwa nalo, ukalizunguka, na mtu wa kokote duniani ataliona hilo dema. Mwezi uliopita ungenyamaza hapo. Lipo neno "trap", nakupa sasa, lakini ile sentensi yako usiitupe.

Ami: Nimeisikiliza mara mbili. Mie Kiingereza changu ni cha bandarini, ila nilikuwa nahesabu kwa vidole. "He" umesema mara 9. "She" mara moja, pale alipopanda ngalawani.

Abuu: Lo, sikujua Ami. Samahani.

Ami: Usiombe samahani. Ada ya mwezi ujao naituma kesho. Rudia pale pa ngalawa.

Abuu: (sauti, dakika 1 na sekunde 40)