Windows 10 imeshaachwa, mashine inakataa Windows 11, nifanyeje?

Kibodi Mbovu
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina kompyuta i5-7200U, RAM 8GB, SSD, haina tatizo lolote, inawaka fasta na kazi zangu ni za kawaida tu, kuandika, barua pepe, video na kuingia kwenye akaunti ya benki. Sasa tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 ile Oktoba 14, 2025 naletewa tangazo limejaa kioo kizima eti nihamie Windows 11, nikikagua naambiwa prosesa haikidhi vigezo. Jamaa mmoja ananiambia niiuze haraka kabla haijajizima, mwingine anasema hivyo ni vitisho vya biashara niendelee kupeta. Nimsikilize nani? Na mafaili yangu yatapona? Halafu mimi naingia kwa akaunti ya humohumo kwenye mashine, ya Microsoft sina na wala siitamani.

Mzee wa Fleshi
Mkuu tulia, haijizimi na hakuna faili litakaloguswa. Kilichoisha ni masasisho ya bure, yaani tundu la usalama likigundulika leo hakuna anayekuja kuliziba kwako, basi.

Ila kuna mlango wameuacha wazi watu wengi hawaujui, unaitwa ESU (Extended Security Updates). Ukijiandikisha unaendelea kupata masasisho ya usalama mpaka Oktoba 13, 2026. Kulipia ni dola 30, au pointi 1000 za Microsoft Rewards, au bure kabisa ukikubali setingi za mashine zihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Nenda Settings, Update & Security, kisha Windows Update, utaona sehemu ya kujiandikisha upande huo. Kama huioni, angalia kwanza uko toleo la 22H2, la chini ya hapo haliwekwi kwenye mpango. Na ukichelewa kujiandikisha hupotezi kitu, yale ya nyuma yote yanashuka.

Kuhusu kutotaka akaunti yao, hapo pole, hata ukilipa hela bado wanataka akaunti. Ila ukilipa mara moja akaunti hiyohiyo inabeba mpaka mashine 10, kwa hiyo kama nyumbani mna kompyuta kadhaa mnagawana.

Sina Presha
Mnamtisha bure mwenzenu. Mimi niko Windows 10 sijajiandikisha popote na maisha yanaenda, antivairasi ipo, Defender inaendelea kupokea taarifa za virusi vipya mpaka 2028 wamesema wenyewe, Edge nayo hivyohivyo. Usifungue viambatisho vya watu usiowajua, usishushe programu za wizi, yameisha.

Mzee wa Fleshi
@Sina Presha hiyo ya Defender ni kweli sikatai, lakini antivairasi inamtambua mwizi akishaingia, haizibi dirisha. Kumbuka kirusi cha WannaCry cha Mei 2017. Ile haikungoja mtu abonyeze kiambatisho, ilikuwa ikiingia kwenye mashine moja inatafuta nyingine kwenye mtandao huohuo inapenya yenyewe, mpaka hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa. Na kiraka cha hilo tundu Microsoft walikuwa wamekitoa tangu Machi, miezi miwili kabla! Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Sasa wewe uliyejitoa kwenye masasisho uko kundi hilo kila mwezi. Kama kompyuta yako ni ya kuchezea magemu bila intaneti sawa, ila huyu ndugu anasema anaingia benki.

Sina Presha
Haya bwana, benki nakuachia.

Binti Skrini
Na mimi nidandie humuhumu. Yangu ni i5-8250U, inasema TPM 2.0 haipo, ile chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11. Ina maana na mimi ni ESU tu?

Fundi Kimya
@Binti Skrini hapana, wewe uko upande wa bahati. Windows 11 inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na hiyo namba yako inaanza na 8, ya Kibodi Mbovu inaanza na 7 ndiyo maana anakataliwa. TPM mara nyingi ipo ila imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, ikikujibu kwamba haioni TPM ingia BIOS (zile setingi za mashine zinazofunguka kabla Windows haijawaka) utafute PTT, hilo ndilo jina ambalo Intel wameipa (kwa AMD ni fTPM), iwashe, hifadhi, toka.

Mambo mawili kabla hujagusa. La kwanza, kama diski imefungwa kwa BitLocker chukua ile namba ndefu ya kuifungulia uiandike pembeni, maana baada ya kubadilisha BIOS inaweza kukudai na kama huna umekwama. La pili andika msinfo32 uone palipoandikwa BIOS Mode, ikiwa ni Legacy (mtindo wa zamani wa kuwasha mashine) usikimbilie kugeuza kuwa UEFI (mtindo mpya) hivihivi, Windows haitawaka kwa sababu diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR. Unaigeuza diski kwanza iwe GPT, mpangilio mpya, kwa mbr2gpt, ni kifaa kilichomo ndani ya Windows yenyewe, halafu ndiyo unarudi BIOS. Na bekapu ya mafaili kwenye diski ya nje usiiruke, hata kama unajiamini vipi.

Kibodi Mbovu
Asanteni sana wakuu. Na hii ya kuweka Windows 11 kwa lazima kwa kutumia Rufus, ile programu ya kutengeneza fleshi ya kuinstoli? Nimeona video nyingi wanasema inapiga mzigo bila shida.

Fundi Kimya
Inaingia, ndiyo. Ila Microsoft wamesema wazi mashine isiyokidhi vigezo hawaihakikishii masasisho, na lile toleo kubwa la kila mwaka mara nyingi haliji lenyewe, inabidi ulisukume kwa mkono tena. Wewe unayetaka kuwasha ufanye kazi, sikushauri. Chukua ESU sasa hivi, halafu huku muda unaenda tengeneza fleshi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, washa mashine kupitia hiyo fleshi bila kufuta chochote, jaribu Wi-Fi, sauti, printa, na hiyo tovuti ya benki. 8GB kwa Mint ni nyingi mno. Kuandika kuna LibreOffice inafungua mafaili ya Word, japo jedwali na mpangilio mgumu huwa unahamahama. Kama unategemea Photoshop au Office yenyewe ya kuinstoli, hapo Mint itakuudhi.

Kibodi Mbovu
Photoshop siijui hata rangi yake 😂 Basi nimekubali yaishe, nafungua hiyo akaunti. Swali la mwisho, nikichagua ile ya bure mafaili yangu yote yanapanda kwao?

Mzee wa Fleshi
Hapana, sharti ni setingi tu. Lakini ukifungua Windows Backup utakuta Documents, Pictures na Desktop nazo zina swichi zao, zikague uzizime, la sivyo zinaanza kupanda OneDrive ambako bure ni GB 5 tu na zikijaa unaanza kupigiwa kelele ununue nafasi. Ukimaliza rudi Windows Update uhakikishe imeandika kwamba umeshajiandikisha, kisha bonyeza kutafuta masasisho palepale. La kwanza huwa zito, chomeka chaji.