Wauza vifaa vya elektroniki Mombasa, acheni kutusingizia kwamba hatujui kulehemu!

Jamani, leo nitasema. Kila anayejitengenezea bodi ya saketi za umeme nyumbani hapa Mombasa ameshaambiwa dukani: "Kitu chetu kizima, wewe ndiye hujui kulehemu." Nimechoka!

Bodi yangu ni ya kuzima pampu ya kisima tangi la juu likijaa. Mchoro wangu mwenyewe, shaba nikaitia kwenye feriki kloridi ile isiyotakiwa iliwe, nikatoboa, nikapima kila njia ya shaba kwa mita ya umeme kabla ya kuweka kifaa hata kimoja. Hakuna njia iliyokatika, hakuna zilizogusana. Natia volti 12, volti 5 zinatoka sawasawa. Relei, yaani swichi inayowasha pampu, ikivuta tu, volti hizo 5 zinaporomoka hadi 3.9, maikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya bodi, inazima na kuwaka upya, relei inapiga tak-tak-tak bila kukoma.

Narudi mjini kwa muuzaji. Mita hata hakuishika! Aliigeuza bodi, akatazama upande wa lehemu, akanirudishia. "Hii kazi yako, bro. Halafu hewa ya chumvi ishakula shaba." Chumvi gani, na bodi nimeipaka vanishi siku ile ile niliyoimaliza?

Nikaing'oa regulata yao ya 7805, kile kifaa cha kushusha volti 12 ziwe 5, nikaijaribu peke yake nje ya bodi: kapasita zake mbili, volti 12 za kuingia, na resista ya omu 47 iwe mzigo. Mzigo huo haufiki hata ampea 0.11. 7805 ya kweli inabeba ampea nzima na zaidi ikipata bati la kupoza, na volti zake hukaa kati ya 4.8 na 5.2. Hii ikanipa 4.1. Sasa lehemu yangu imeingilia wapi hapo?

Nikaibana kwa koleo nikaivunja. Kile kipande cha silikoni ndani ni punje ya ufuta, na bati la mgongoni jembamba hata linapinda kwa vidole. Nikachukua 7805 kuukuu kutoka TV iliyokufa, nikaiweka kwenye bodi ile ile, kwa mikono hii hii. Pampu inajizima vizuri mpaka leo.

Na huo waya wa lehemu, si nyinyi mnaotuuzia? Umeandikwa 60/40, yaani madini ya bati asilimia 60, madini ya risasi 40. Wa namna hiyo ukifika digrii 190 umeshayeyuka wote. Wenu, pasi ya kulehemu iko digrii 350 na bado unaganda madonge ya kijivu yasiyoshika mguu wa kifaa. Ukizidisha moto, pedi, kile kiduara cha shaba cha kulehemia mguu, inabanduka na bodi imeharibika. Risasi tupu huyeyuka digrii 327, kwa hivyo bati mmelipunja na wala si siri. Halafu fundi ndiye alaumiwe!

Risiti imegongwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili. Muhuri wa duka hauwezi kuifuta haki hiyo.

Wekeni mita, betri na resista ya mzigo juu ya kaunta, mteja ajaribu kabla ya kulipa. Anayekataa, tujue anauza nini. Na nyinyi wenzangu mlioliwa pesa, vunjeni hizo regulata, mpige picha ya ndani muweke hapa tulinganishe. Anayejua duka la hapa mjini linalokubali kupimiwa mali yake, alitaje.