Taa ya jirani inanifichia nyota: turubai, neti au kofia ya bati?

Mtazamakilimia (Entebbe)
Wakuu, habari za usiku. Jirani kafunga taa ya ulinzi ya LED juu ya ukuta, nyeupe pe, na kila usiku kivuli cha mgomba wangu nakiona chini kama mchana. Juzi nilitaka kuwaonyesha watoto Kilimia, kile kishada cha nyota, tukahesabu nyota tatu tu. Nitundike turubai, nipande matete, au nimwombe jirani abadilishe taa?

Mkulima_Mukono
Matete yatakuchelewesha, na turubai usihangaike nalo. Langu la bluu lilikuwa jepesi, taa ikilipiga kwa nyuma linawaka lote, na upepo ukija linapigapiga. Nikahamia neti nyeusi ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, nimeikunja mara mbili juu ya miti miwili. Isogeze karibu na kiti chako. Ikiwa mbali itabidi iwe ndefu sana. Ikiwa karibu, urefu wa mtu unatosha kabisa ukiwa umekaa.

DadaNyota_Kampala
Mimi naanzia kwa jirani. Ila kaka, usimwambie azime, maana anaogopa wezi, na ana haki. Wangu nilimkaribisha uani kwangu, nikamkalisha kwenye kiti changu, akaiona mwenyewe taa yake inavyochoma macho. Fundi alikunja kipande cha bati kikawa kofia, mwanga wote ukashuka getini, na geti lenyewe sasa linaonekana vizuri kuliko mwanzo. Balbu ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) tukaitoa, tukaweka ya 2700, ya manjano. Ile nyeupe ina bluu nyingi, na bluu ndiyo hutawanyika zaidi hewani.

Usiku_Masaka
Nakubaliana na dada, lakini tuseme ukweli: neti na kofia huzuia mwanga unaokujia machoni moja kwa moja. Mng'ao wa anga lenyewe hauzuiliki uani. Huku Novemba, taa za kutegea senene zikiwaka juu ya mabati, mbingu nzima inakuwa nyeupe, na neti haisaidii kitu. Wewe wa Entebbe una bahati. Mng'ao wa Kampala uko kaskazini-mashariki yako, kwa hiyo geuza kiti kusini, kwenye ziwa. Jifunike shuka jeusi kichwani pamoja na darubini, kisha upe macho dakika 20 hadi 30. Simu usiiguse! Ukiitazama mara moja tu, unaanza upya. Ukihitaji tochi, iwe nyekundu na hafifu.

Mtazamakilimia (Entebbe)
Asanteni sana. Jana nimefunga neti, hatua mbili tu kutoka kwenye kiti, simu nikaiacha ndani. Kilimia tumehesabu nyota sita, na binti yangu anashikilia kuwa ameona ya saba. Jirani amekubali kuja Jumamosi na fundi. Kofia tumeshaikata kwa boksi kwanza, tujue bati liwe refu kiasi gani.