Ushauri: Chumba mita 4.37 kwa 3.62, nikadirie hadi wapi kabla ya kununua marumaru?

Mjenzi wa Pongwe
Habari zenu wakuu. Nyumba ipo Pongwe, Tanga, hatua ya sakafu. Chumba nimekipima kwa futi ya mita 5: urefu 4.37, upana 3.62. Kikokotoo kinatoa mita za mraba 15.8194. Fundi mmoja anasema niandike 16, mwingine 15.82. Marumaru ni za sentimita 40 kwa 40. Nimsikilize nani? Zikipungua, boksi la kuongezea linaweza kuwa la toleo jingine na rangi isifanane.

Mwalimu wa Chumbageni
Mkuu, umesoma kwa ukaribu wa sentimita. Basi urefu uko kati ya 4.365 na 4.375, upana kati ya 3.615 na 3.625. Ndogo kwa ndogo ni 15.78, kubwa kwa kubwa ni 15.86. Tarakimu ya pili baada ya nukta tayari haina uhakika, hivyo andika 15.8. Ila kadiria mwishoni, mara moja tu, usikate vipimo kabla ya kuzidisha.

Fundi Sakafu
Kwa eneo, mwalimu kasema kweli. Lakini marumaru hulazwa kwa safu. Kila moja na nafasi yake ya milimita 3 inakula sentimita 40.3. Urefu: 437 gawa kwa 40.3 ni 10.84, kwa hiyo 11. Upana: 362 gawa kwa 40.3 ni 8.98. Hapo ndipo pa kuogopa, umebakiwa na chini ya sentimita moja. Pima upana sehemu tatu, ukutani na katikati. Na ile ncha ya chuma ya futi kuchezacheza si ubovu. Inacheza kwa unene wake ili kipimo cha ndani na cha nje vilingane, usiigongomelee.

Mjenzi wa Pongwe
Nimerudia, kaka. Mlangoni 3.62, katikati 3.63, dirishani 3.64.

Fundi Sakafu
Ahsante. Ukianzia ukutani, safu 9 zinaacha dirishani ufa wa zaidi ya sentimita 1.5, na kipande chembamba hivyo huvunjika kwenye kukata. Anza katikati: safu 8 nzima, kisha kila ukuta kipande cha kama sentimita 20. Dirishani vipande hivyo viwili vinafika 41.3, havitoki kwenye marumaru moja. Hesabu safu 10: 11 mara 10 ni 110. Boksi likiwa na 12, unapata maboksi 9.17. Kanuni ya shule inasema 9, yaani 108, na utapungukiwa. Nunua 10, zinazobaki ni za kuvunjika.

Mwalimu wa Chumbageni
Naafiki. Cha kununua hukadiriwa kupanda.

Alumini Makorora
Dirisha ni kinyume, mkuu. Pima kwa milimita juu, katikati na chini, chukua kipimo kidogo kuliko vyote, toa 10. Fremu iliyozidi milimita 4 haiingii bila kubomoa lipu. Iliyopungua 10 inazibwa kwa silikoni, 5 kila upande.