Mimea ya kutambaa ya kijani mwaka mzima: tupeane uzoefu, mliopanda nyumbani

Wadau, nina ukuta wa tofali za saruji upande wa magharibi. Jua la alasiri linaupiga, hadi saa mbili usiku ukiugusa bado una moto. Chini yake udongo mtupu, mvua ikinyesha tope linaruka mpaka dirishani. Nataka kitu cha kupanda ukutani na cha kufunika chini. Msinitajie majina tu, kitaluni kila mche ni mzuri. Waliokaa nao miaka mitatu waje.

Baba Wawili, Mbezi
Fikasi ya ukutani, ile ya vijani vidogo. Nilipanda miche sita, nikaikinga na jua kwa makuti. Mwaka wa kwanza haikusogea hata shubiri, mama watoto akawa ananicheka. Wa tatu ukuta hauonekani. Haitaki waya, inajishika kwa vijizizi vyake. Tatizo ni hivyo vijizizi: siku nilipotaka kupaka rangi nikainyofoa, ikaja na plasta. Kama ukuta una nyufa, achana nayo. Ikifika juu inatoa matawi magumu yenye majani makubwa na vitunda kama tini. Hayo kata mapema.

Bibi Shamba, Arusha
Mimi wedelia, ya maua ya njano. Jirani alinigawia bure, kwa furaha kabisa, nami sikujiuliza kwa nini. Mteremko wangu ulifunikwa masika moja tu, udongo ukatulia, kwa hilo siilaumu. Ila kila pingili ikigusa chini inatoa mizizi. Ilipita chini ya fensi ikaingia kwenye mchicha wa watu! Asili yake Amerika ya kitropiki, na imo katika orodha ya spishi 100 vamizi mbaya zaidi duniani. Ukiifyeka ukaitupa mtaroni, umeipanda mtaroni. Mimi naikausha kwanza juu ya sementi.

Mswahili wa Chumbageni
Nyie mnapanda msivyokula? Chini ya dirisha langu ni matembele. Yanafunika, tope haliruki, jioni nachuma mboga. Kiangazi yanataka maji, basi.

Kadzo, Kilifi
Jamani, pasheni kwenye fensi ya waya! Kivuli na juisi. Wangu ulichoka mwaka wa nne, nikapanda mwingine. Na wenye watoto wadogo, ule moniplanti wa majani ya moyo uwekeni mbali. Mjukuu wangu alitafuna jani, mdomo ukamwasha akalia mpaka magharibi.

Mwenye uzi
Asante, Bi Kadzo. Matembele ya Mswahili nimeyapenda, nayaanza wiki hii. Baba Wawili, mche na mche uliachia nafasi gani?

Baba Wawili, Mbezi
Hatua moja kubwa. Na plasta ikague kwanza, ndugu yangu, gonga gonga usikilize kama ina uwazi.