Wachora katuni, Tom na Jerry wametufundisha nini? Tupeane uzoefu

#1

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaochora katuni zinazotembea, iwe kwa karatasi, kompyuta au simu. Mada ni moja: paka anamfukuza panya, halafu anayeumia ni paka.

Tom na Jerry hawahitaji utangulizi mrefu. William Hanna na Joseph Barbera waliwaanzisha katika studio ya MGM, Marekani, filamu ya kwanza ikatoka Februari 1940. Hadi 1958 wawili hao walikuwa wametoa filamu fupi 114, na saba kati ya hizo zilipata Oscar. Mtoto wa Tanga, wa Bukavu au wa Muscat anacheka bila kutafsiriwa chochote, kwa sababu maneno karibu hayapo.

Kinachosumbua ni hiki. Katuni nyingi za vijana wetu zina michoro mizuri kabisa, lakini paka akigongwa kikaango hakuna anayecheka. Kipigo kinaonekana kama ajali ya kweli, au kinapita kama hakikutokea. Leteni mnayoyajua: fremu ngapi (yaani picha moja moja zinazopita kwenye filamu), sauti gani, panya akae wapi kwenye picha, na wapi watu wanakosea. Tafadhali tupeni namba. "Weka hisia" haimsaidii mtu aliyekaa mbele ya mchoro saa saba usiku.

#2

Mkuu, anza na hesabu. Filamu zile ni fremu 24 kwa sekunde. Dakika 7 ni sekunde 420, yaani fremu 10,080. Mchoro mmoja ukikaa fremu mbili mbili, bado ni michoro 5,040 kwa mhusika mmoja anayetembea muda wote. Kwa mzigo huo hakuna aliyekuwa anachora fremu ya kubahatisha.

Sasa kikaango. Maandalizi yape fremu 10 hadi 12: mkono unakwenda nyuma, kiuno kinajikunja, uzito unahamia mguu wa nyuma. Kushuka kwa mkono ni fremu 2 tu, na hapo mchoro mmoja uliovutwa kama kamba unatosha. Kisha usichore kikaango kikigusa shavu. Toka kwenye kikaango kikiwa bado mbali kidogo na uso, ruka moja kwa moja hadi uso uliokwisha kubonyea. Jicho la mtazamaji linajaza lenyewe ile fremu isiyokuwepo. Ukichora kikaango kimegusa na uso bado mzima, umepiga breki pale pale ambapo kasi ilitakiwa iwe kubwa kuliko mahali pengine popote.

Uso uliobonyea ukae fremu 2. Baada ya hapo mtetemo wa fremu 8, michoro miwili ikipokezana fremu moja moja, kila mzunguko ukipungua upana. Halafu simamisha paka fremu 16 bila kufanya lolote.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kugawa sawasawa: fremu 6 za kuinua, 6 za kushuka, 6 za kugonga, 6 za kuumia. Hapo kila kitu kina uzito uleule na mtazamaji hajui acheke wapi.

#3

Nyongeza fupi kwa wa simu. Kagua mpangilio kabla ya kuchora. Programu kadhaa za simu huanza na fremu 12 kwa sekunde, na ukiwa hapo fremu moja ni sawa na mbili za #2, kwa hiyo kushuka kwa mkono kunakuwa mchoro mmoja na mtetemo wa fremu moja moja haupatikani kabisa. Ukiwa na 30, hesabu zote zinakimbia: fremu 12 ambazo zilikuwa nusu sekunde zinakuwa sekunde 0.4, na kusimama kwa paka kunakatika kabla mtu hajacheka. Weka 24 tangu mwanzo. Ukibadilisha katikati ya kazi, programu nyingine huongeza au hutupa fremu yenyewe, na fremu zinazopotea huwa ni zile za fremu mojamoja ulizozitolea jasho.

#4

Kuhusu kubonyea. Tom hupondwa na kuwa bapa kama chapati, lakini haonekani amepungua. Siri ni eneo la mchoro libaki lilelile. Ukishusha urefu hadi asilimia 70, panua upana hadi takribani 143. Ukishusha hadi 50, upana uende 200. Zidisha namba hizo mbili, jibu lizunguke 1 kila mara. Ukibonyeza bila kupanua, paka anaonekana amesinyaa kama puto lililotoboka. Ukipanua bila kubonyeza, amevimba.

Tena usibonyeze mwili mzima kwa kukamata leya (tabaka la mchoro kwenye programu) na kuivuta. Mafuvu hayabonyei kama mashavu. Acha sehemu ya juu ya kichwa ishuke kidogo, mashavu na pua ndivyo vibebe mabadiliko makubwa, na macho yabaki makubwa yanayosomeka. Mtazamaji akipoteza macho ya Tom, amempoteza Tom.

Kitu kigumu nacho kibaki kigumu. Kikaango kinaweza kutoka na sura ya uso wa paka, hilo linapendeza sana, lakini mpini usipinde. Kila kitu kikiwa mpira, hakuna kinachouma.

#5

Wadau, na mbio je? Panya wangu anakimbia kama anaogelea.

#6

Mkuu wa #5, kuna uwezekano umempa hatua ndefu mno. Hesabu za kuanzia ni hizi: kutembea kwa kawaida, hatua moja fremu 12. Kukimbia, hatua moja fremu 6. Kukimbia kwa kufa na kupona, fremu 4, na hapo lazima uchore kila fremu, usiache mchoro mmoja ukae mbili. Paka mpe 6, panya mpe 4. Tofauti hiyo peke yake inaonyesha nani mzito na nani mwepesi, hata wote wakienda kwa kasi ileile juu ya sakafu.

Kuogelea kunatokea mguu unapoteleza ukiwa chini. Weka alama ndogo sakafuni: mguu ukishakanyaga, urudi nyuma kwa umbali ule ule kila fremu hadi unapoinuka, na mandhari nayo yarudi nyuma kwa umbali huohuo. Mandhari yakisogea pikseli 40 na mguu pikseli 30, utaona mguu unateleza kama uko juu ya barafu.

Kuanza kukimbia ni jambo jingine. Miguu izunguke pale pale kwa fremu 12 hadi 16 kabla mwili haujaondoka, kisha mwili utoke kwenye picha kwa fremu 3. Vumbi libaki.

#7

Mimi nasimama kwenye sauti, maana watu huiacha hadi siku ya mwisho, nayo ndiyo nusu ya kazi.

Hanna alipanga muda wa filamu kwa mapigo ya muziki, na mtunzi Scott Bradley aliandika muziki wa okestra unaofuata kitendo kwa kitendo. Njia hiyo unaweza kuitumia leo hata kama huna mpiga filimbi mmoja. Kanuni ni 1440 gawanya kwa idadi ya fremu za pigo moja, unapata mapigo kwa dakika. Fremu 12 ni mapigo 120. Fremu 10 ni 144. Fremu 8 ni 180. Chagua pigo la tukio zima kwanza, kisha chora: paka ananyata, kila kidole kinatua kwenye pigo la fremu 12, anaanza kushtukia, unahamia 10, mbio, 8. Mtu atahisi mambo yanakazana bila kujua kwa nini.

Anayetaka kuona jambo hili limefika kileleni atazame The Cat Concerto ya mwaka 1947. Tom anapiga kinanda, wimbo ni Hungarian Rhapsody namba 2 wa Liszt, Jerry analala ndani ya kinanda na nyundo za nyuzi zinamwamsha. Jukwaa moja, kinanda kimoja, wimbo mmoja. Ugomvi wote unapangwa juu ya noti.

Mlio wa kipigo uweke fremu 1 au 2 baada ya picha, usiutangulize. Sauti ikitangulia picha hata kidogo, ubongo unaona kosa. Ikichelewa kidogo hivyo, unaona uzito. Ukirekodi kwa kiwango cha vipande 48,000 vya sauti kwa sekunde, fremu moja ni vipande 2,000 kamili, kwa hiyo kusogeza ni rahisi.

Vifaa viko nyumbani. Sufuria ya alumini na mwiko wa mbao hutoa kikaango. Shika sufuria kwa ukingo ili ilie, ukiikumbatia inakufa. Fimbo juu ya godoro la sponji hutoa kishindo cha mwili. Vifuu viwili vya nazi juu ya ubao, miguu inayokimbia. Rekodi chumbani penye nguo nyingi na mapazia. Chumba kitupu kinatoa mwangwi, na mwangwi unamweka paka pangoni wakati picha inaonyesha jikoni.

Ule ukelele wa Tom ni sauti ya Hanna mwenyewe. Walikata mwanzo na mwisho wa ukelele, wakabakiza kipande cha katikati chenye nguvu. Jaribuni: rekodi "aaah" ya sekunde 2, tupa robo ya kwanza na nusu ya mwisho. Kinachobaki hakina kuvuta pumzi wala kufifia, kinaingia kama kisu na kutoka. Ukiacha ule mkia wa kuugua, mtazamaji anamwonea paka huruma badala ya kucheka.

#8

Mpangilio wa picha. Ukimwingiza paka mzima kwenye picha, panya anakuwa nukta. Kwenye fremu yenye urefu wa pikseli 1080, kichwa cha panya kisipungue pikseli 130 hivi, la sivyo macho yake hayaonekani kwenye simu. Kwa hiyo shusha kamera hadi sakafuni. Panya awe karibu nasi, paka nyuma yake, au uso wa paka ushuke hadi usawa wa panya. Meza ionekane kwa chini, kiti kiwe miguu minne, mlango uwe ukuta mrefu.

Ndiyo maana binadamu wa filamu za mwanzo huonekana miguu tu. Yule mfanyakazi wa ndani, aliyepewa sauti na Lillian Randolph, alichorwa kwa dhana mbaya za wakati ule kuhusu wanawake weusi wa Marekani, na hilo halistahili kuigwa hata kidogo. Kimo cha kamera ndicho cha kuchukua.

Halafu jambo la haki. Tom na Jerry ni mali ya Warner Bros. Kuchora paka wa kijivu mwenye tumbo jeupe na panya wa kahawia wakifukuzana, kisha kupakia, ni kutafuta kufutiwa kazi. Buni paka wako. Paka wa dukani anayelala juu ya gunia la mchele tayari ana adui.

#9

Yote mliyosema ni kweli, lakini mnaruka kitu: panya hana nguvu. Nguvu yake ni sharti.

Tazama ile ya kwanza ya 1940, Puss Gets the Boot, ambamo paka bado aliitwa Jasper. Paka anaambiwa akivunja kitu kimoja tena, anatupwa nje. Dakika hiyohiyo kila glasi ya nyumba imekuwa silaha ya panya. Panya hahitaji ngumi, anashika glasi ukingoni mwa meza na paka anaganda. Quiet Please! ya 1945: mbwa anataka kulala, paka akipiga kelele ataumia. Sasa panya anahitaji kelele tu. The Million Dollar Cat ya 1944: Tom anarithi dola milioni moja kwa sharti asimdhuru kiumbe yeyote, hata panya. Jerry akishasoma sharti hilo, mengine mnayajua.

Kwa hiyo kabla ya kuchora, andika sharti kwa sentensi moja ambayo mtoto wa miaka mitano ataielewa bila maneno, na lionyeshwe ndani ya sekunde 40 za kwanza. Kisha tafuta njia tatu panya anavyolitumia, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na ya nne iwe paka amelipindua. Katika The Bodyguard ya 1944, Jerry akipiga mluzi mbwa anakuja kumwokoa. Tom anachofanya ni kumpa ubani wa kutafuna, na mluzi hautoki. Pindua la namna hiyo lina thamani kuliko vipigo kumi.

Katuni isiyo na sharti ni watu wawili wanapigana. Ndiyo ile inayoonekana ukatili.

#10

Kwa wanaotaka kulinganisha: tazameni moja ya Hanna na Barbera, kisha za waongozaji waliowafuata: moja kati ya zile 13 za Gene Deitch zilizotengenezwa Prague na kutoka 1961 na 1962, kisha moja kati ya 34 za Chuck Jones za 1963 hadi 1967. Zima sauti mara ya kwanza. Halafu funga macho, sikiliza tu. Za Deitch zina mwangwi mwingi, na hapo utaelewa #7 alichosema kuhusu pango. Za Jones zina nyusi nene, zinasimama muda mrefu zaidi usoni, mbio zenyewe ni chache.

#11

Namalizia na lile la paka kukanyaga hewa, kwa kuwa hapo ndipo swali la #1 linajibika vizuri.

Paka amepita ukingo wa roshani. Miguu iendelee kukimbia fremu 12, mandhari yakiwa yamesimama. Miguu isimame, fremu 8. Mguu mmoja upapase chini, usipate kitu, fremu 10. Hapo asitazame chini kwanza; masikio yalale, fremu 6. Ndipo atazame chini, fremu 8, kisha ageuke atutazame sisi, fremu 20. Wengi huziogopa hizo 20 na kuweka 8. Waachieni zote. Cheko linaanza paka anapojua, kabla hajaanguka.

Kuanguka kwenyewe ni fremu 5. Kiwiliwili kitangulie, shingo ivutike, kichwa kibaki juu kikitutazama fremu 3 zaidi, kisha kichwa, masikio, na mkia uwe wa mwisho kutoka kwenye picha. Bakiza ukingo mtupu fremu 24 kimya, bila muziki. Kishindo kisikike kutoka chini, kidogo, cha mbali, na panya aje ukingoni kuchungulia.