Naomba ushauri: nimuuzie picha ya Yudithi kwa euro 1,500?

MkaaziWaGhent: Ndugu wanajukwaa, nina picha ya zamani ya rangi za mafuta inayomwonyesha Yudithi, yule mjane wa Kiyahudi, akimkata kichwa jemadari Holoferne, na nyuma yake imeandikwa "shule ya Caravaggio", yaani wafuasi wa mchoraji maarufu wa Italia. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale ananipa euro 1,500 na anataka jibu kabla ya Jumatatu. Nimuuzie?

MwalimuMstaafu: Kijana, usiuze. Mwaka 2021 huko Madrid, picha ya Kristo mwenye taji la miiba ilitangazwa mnadani kwa bei ya kuanzia ya euro 1,500, ikidhaniwa kuwa ya mtu wa karibu na mchoraji Ribera. Serikali ikazuia isitoke nchini, na mwaka 2024 ikatundikwa katika jumba la makumbusho la Prado kama kazi ya Caravaggio mwenyewe.

ShangaziPendo: Biblia yangu haina hata kitabu cha Yudithi. Mimi niliuza cherehani ya marehemu mama kwa bei ya kutupa na hadi leo najuta, ila kichwa kinachovuja damu sebuleni ningekitoa bure.

FundiFremu: Kabla ya bei, tueleze kama umeigusa.

MkaaziWaGhent: Mwalimu, shikamoo. Fundi, nilisugua pembe moja tu kwa pamba na maji ya sabuni. Pamba ya kwanza ilitoka na rangi ya chai, ya tatu ikatoka na wekundu, nikaacha. Picha ilikuwa chafu, nani asingeifuta? Halafu arabuni ya euro 300 nimeshaipokea, na kodi ya nyumba haingoji.

FundiFremu: Wekundu huo si uchafu, ni rangi yenyewe. Maandishi ya nyuma hayathibitishi kitu, kwani yeyote aliweza kuyaandika. Picha ya Yudithi iliyoonekana darini huko Toulouse, Ufaransa, mwaka 2014 bado inawagawa wataalamu: wengine wanaona mkono wa Caravaggio, wengine wa mchoraji Louis Finson, mzaliwa wa Bruges, jirani yako hapo Ubelgiji.

Tai: Jamani, tunachezewa. Yudithi katolewa Toulouse, euro 1,500 zimetolewa Madrid, na picha yenyewe hatujaiona.

MkaaziWaGhent: Bei aliitaja yeye, huenda naye amesoma habari za Madrid. Hiyo hapo pembe niliyoifuta.

FundiFremu: Naona mkono wa mjakazi wa Yudithi ulioshika gunia, na vidole viwili havipo.

Tai: Naomba radhi.